Dozi fupi si dozi iliyokatishwa: tumemsahau bakteria aliyejeruhiwa

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga, na kila unaporudi huja na maneno mapya kidogo. Kiini chake ni kilekile: wataalamu wamegundua kuwa "maliza dozi" ilikuwa kosa, kwa hiyo mgonjwa akishapata nafuu aache dawa, maana kuendelea kumeza ni kujitafutia usugu, yaani bakteria wasiouawa tena na dawa. Ujumbe huo haukutungwa hewani. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Martin Llewelyn na wenzake waliandika katika jarida la tiba la BMJ, la Uingereza, kuwa ushahidi wa kwamba kukatisha dozi ndiko kunakozaa usugu ni haba kuliko tulivyoaminishwa, na kwamba kumeza antibayotiki kwa siku nyingi kuliko zinazohitajika nako kuna madhara yake. Ni kweli pia kwamba taasisi za afya za Marekani na Uingereza zilikwisha kuanza kubadili maneno, kutoka "maliza dozi" kwenda "tumia kama ulivyoelekezwa". Kisicho kweli ni kile kilichoongezwa njiani, yaani kwamba nafuu anayoisikia mgonjwa mwilini ni kipimo cha kufa kwa bakteria.

Ninaona wanaoeneza ujumbe huo na wanaoupinga wanagombania idadi ya siku huku wote wamemsahau mhusika mkuu. Bakteria aliyepigwa na dawa hana hali mbili tu, ya kufa au kuwa hai. Ana hali ya tatu, ya majeruhi anayejitengeneza, na mara nyingi ni katika saa zinazofuata baada ya dawa kuondoka ndipo inapoamuliwa kama ataishi, na kama akiishi atabaki vilevile au atatoka amebadilika. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini dozi ya siku tatu iliyopimwa na watafiti na dozi ya siku tano iliyokatishwa siku ya tatu haziwezi kuitwa kwa jina moja, ingawa hesabu ya vidonge vilivyomezwa inaweza kulingana.

Mwezi uliopita nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye duka la dawa muhimu, Ngamiani. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja anayetaka vidonge vinne vya rangi mbili. "Bibi, dozi yake ni siku tano," kijana wa dukani akamwambia baada ya kumwamkia. "Siku tano za nini, mwanangu? Mjukuu wangu kanisomea kwenye simu, siku hizi ukipata nafuu unaacha. Nipe za leo na kesho." Kijana akanyamaza kidogo, akahesabu vinne, akavitia kwenye bahasha ndogo na kuandika 1×2 juu yake. Simlaumu yeyote kati yao. Bibi alikuwa na fedha ya vidonge vinne na habari aliyoiamini. Kijana alikuwa na amri aliyofundishwa bila kupewa sababu yake, na swali "siku tano za nini?" lilimkuta mikono mitupu. Ninachojaribu hapa ni kumtafutia jibu.

Tuichukue dawa ambayo haikosekani katika famasi zetu: siprofloksasini, au sipro kama tulivyozoea kuiita. Bakteria wa E. koli, ambaye ndiye chanzo kikubwa cha UTI, ana urefu wa takriban sehemu mbili za elfu za milimita, lakini uzi wake wa DNA ukinyooshwa hupita milimita moja. Uzi huo umekunjwa na kusokotwa, na kila unaponakiliwa ili bakteria agawanyike, msokoto hukaza. Kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuukata uzi, kupitisha kipande kingine katika mwanya uliopatikana, kisha kuunga tena palipokatwa. Sipro hukinasa kimeng'enya hicho katikati ya kazi, kikiwa kimeshakata na hakijaunga. Kwa hiyo dawa hii inakigeuza kifaa cha bakteria mwenyewe kuwa kisu, na kromosomu yake, yaani uzi huo mzima wa DNA, inabaki na mikato ya pande zote mbili za uzi. Hili ni mojawapo ya majeraha mabaya kabisa yanayoweza kuipata seli hai.

Lakini bakteria wamekuwapo duniani kwa mabilioni ya miaka wakipigwa na jua, sumu na ukame, na jeraha la DNA wanalijua tangu zamani. Protini iitwayo RecA hujipanga juu ya uzi uliokatika na kuwa kama king'ora. King'ora hicho huifanya protini nyingine, LexA, ijivunje. LexA ndiyo iliyokuwa imefunga kufuli kwenye jeni zaidi ya thelathini za matengenezo, basi kufuli zikafunguka zote kwa pamoja. Wanasayansi Evelyn Witkin na Miroslav Radman ndio waliotufumbua macho kuhusu mfumo huu, na katika miaka ya 1970 Radman akaupa jina la SOS, ile ishara ya meli iliyo hatarini baharini. Moja ya amri za SOS ni kusimamisha kugawanyika, kwa hiyo chini ya hadubini utamwona bakteria anarefuka tu kama uzi wa mkonge bila kukatika vipande viwili, akinunua muda. Vimeng'enya vya matengenezo hutafuna ncha zilizochanika, hutafuta nakala nzima ya sehemu ileile katika kromosomu ya pili, na kuandika upya kilichopotea. Jeraha likizidi, SOS huwaita waandishi wa dharura, vimeng'enya vinavyoweza kunakili juu ya uzi ulioharibika lakini vinakosea herufi mara nyingi. Seli inapona, na makosa yanabaki ndani yake.

Mwaka 2015 maabara ya Mark Brynildsen katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, ilitoa matokeo ambayo kwangu yanageuza mjadala wote huu. Katherine Völzing na Brynildsen waliwapa dawa ya ofloksasini, ndugu wa sipro, E. koli waliokuwa wamesimama kukua. Wachache walinusurika, na mtu angetarajia kwamba walinusurika kwa sababu dawa haikuwagusa. Haikuwa hivyo. Walionusurika walikuwa na DNA iliyojeruhiwa, kama waliokufa. Mitambo ya kutengeneza DNA haikuwa na umuhimu wakati dawa ikiwa ndani. Ilianza kuwa ya kufa na kupona baada ya dawa kuondolewa na chakula kurudi. Mwaka 2018 Wendy Mok, wa maabara hiyohiyo, na Brynildsen wakaonyesha kuwa ukimnyima chakula bakteria aliyepigwa, akachelewa kuanza kukua baada ya dawa kuondoka, uwezekano wake wa kuishi unaongezeka, kwa sababu anapata muda wa kutengeneza kabla ya kuanza tena kunakili DNA.

Watu wa pwani hatuhitaji maabara kulielewa hilo. Jahazi lililogonga mwamba likaingiza maji si lazima lizame palepale. Likifika Pangani au Kigombe, hulazwa mchangani maji yakitoka, na fundi akakaa nalo akipenyeza kalafati kwenye kila ufa. Nahodha mwenye pupa akilisukuma majini kabla ya kalafati kukamilika, bahari ileile iliyokuwa ikilibeba italimaliza. Bakteria aliyejeruhiwa na sipro yuko mchangani. Akiamka na kukimbilia kugawanyika huku kromosomu ina nyufa, anakufa. Akitulia, akatengeneza, anarudi baharini. Maabara hiyohiyo ya Brynildsen iliripoti mwaka 2021 kwamba bakteria walioingia kwenye dawa wakiwa na kromosomu zaidi ya moja walinusurika kuliko wenye moja tu, maana walikuwa na nakala nzima ya kunakilia palipoharibika. Na kabla ya hapo, mwaka 2019, walikuwa wameripoti jambo linalonisumbua zaidi: miongoni mwa vizazi vya walionusurika dozi moja tu ya dawa za jamii ya sipro, wenye usugu dhidi ya antibayotiki za aina nyingine waliongezeka, na ongezeko hilo lilitegemea ule mfumo wa SOS. Yaani matengenezo yenyewe ndiyo yaliyozaa mabadiliko.

Dawa nyingine hujeruhi kwa njia nyingine. Penisilini na jamaa zake, ikiwemo amoksilini, huharibu ujenzi wa ukuta wa bakteria mpaka anapasuka, lakini baadhi huvua ukuta kabisa na kuishi kama matone laini, kisha huujenga upya dawa ikiondoka. Mwaka 2019 kundi la Newcastle, Uingereza, likiongozwa na Jeff Errington, lilieleza kuwa limewaona bakteria wa aina hiyo wasio na ukuta katika mkojo wa wazee waliosumbuliwa na UTI za kujirudia. Dawa kama doksisaiklini na azithromaisini hazivunji chochote; husimamisha kiwanda cha protini, na kiwanda kinaweza kuwashwa tena.

Hapo ndipo penye hoja yenye nguvu ya upande wa dozi fupi, na ni haki kuisema kwa ukamilifu. Kama bakteria majeruhi anahitaji saa kadhaa kujitengeneza, basi saa hizo ni nafasi ya mwili. Tangu miaka ya 1940 watafiti waliona kuwa bakteria walioguswa na penisilini huchelewa kuanza kukua hata baada ya dawa kusafishwa. Katika mwili wenye kinga nzuri, chembe nyeupe za damu huwakuta wakiwa hawana nguvu ya kukimbia wala kuzaliana, na kuwamaliza. Dawa haikupewa kazi ya kuua kila mmoja. Ilipewa kazi ya kuwaangusha wengi na kuwajeruhi waliobaki, ili mwenye nyumba amalizie. Ndiyo maana katika maradhi mengi siku chache zinatosha. Jirani zetu Malawi walifanya utafiti Lilongwe kwa watoto karibu 3,000 wenye nimonia ya kifua kubonyea, wasio na VVU, waliopewa amoksilini kwa siku tatu au tano. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha matibabu kushindwa kwa asilimia 5.9 ya waliopewa siku tatu na asilimia 5.2 ya waliopewa siku tano, tofauti ambayo watafiti waliihesabu kuwa ndogo kiasi cha kukubalika. Mtoto anayemeza siku mbili pungufu ana bakteria wa tumboni wanaopata siku mbili pungufu za shinikizo la kuwa sugu. Hiyo ni faida halisi, nami naiunga mkono bila kusitasita.

Upande wa pili una historia ndefu zaidi. Alexander Fleming, katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945, alionya juu ya mtu anayejinunulia penisilini na kutumia kidogo kuliko inavyopasa, akawafundisha vijidudu kuizoea na kuwaambukiza wa nyumbani mwake. Onyo hilo lilihusu zaidi kiwango kidogo cha dawa kuliko idadi ya siku, lakini kizazi hadi kizazi lilichanganywa, likawa kaulimbiu moja. Mwaka mmoja kabla yake, daktari wa bakteria kutoka Ireland, Joseph Bigger, alikuwa ameandika jambo ambalo halikusikika sana wakati ule. Aliwapa bakteria aina ya stafilokokasi penisilini ya kutosha, na kila mara akabaki na wachache, karibu mmoja katika milioni. Alipowaotesha tena na kuwapiga dawa ileile, wakafa kama baba zao. Hawakuwa sugu, walikuwa wameduwaa tu, na dawa inayoua wajenzi haimuui aliyelala. Aliwapa jina la wanaoendelea kuwapo. Mimi nitawaita wavumilivu, kwa kuwa usugu na uvumilivu ni vitu tofauti: sugu hukua dawa ikiwapo, mvumilivu husubiri iondoke.

Hakuna ugonjwa uliotufundisha juu ya wavumilivu kama kifua kikuu, na sehemu kubwa ya somo hilo ilitolewa hapa kwetu, jambo ambalo tungepaswa kulisema shuleni kwa fahari. Kuanzia miaka ya 1970 mwanzoni, mabaraza ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki na Uingereza yalifanya majaribio kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kujaribu kufupisha tiba iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu au zaidi. Ripoti ya kwanza ilitoka mwaka 1972. Wagonjwa waliotibiwa miezi sita kwa streptomaisini na isoniazidi walionekana kupona, makohozi yakawa safi, kisha wasio wachache kati yao ugonjwa ukawarudia. Walioongezewa rifampisini, ugonjwa uliwarudia wachache mno. Waliopewa pirazinamidi nao walinufaika. Denny Mitchison, mmoja wa wabunifu wa majaribio yale, alieleza sababu: dawa za mwanzo zinaua haraka bakteria wanaokua, ndiyo maana kikohozi kinapungua ndani ya wiki chache, lakini rifampisini na pirazinamidi zinawafikia wale waliolala au wanaoamka kwa vipindi. Miezi sita ya dawa ambayo Watanzania wanameza leo imetokana na hesabu hiyo.

Na hesabu hiyo ilipimwa tena katika zama zetu. Mwaka 2014 yalichapishwa majaribio makubwa, moja likiwa na wagonjwa wa Tanzania miongoni mwao, ya kupunguza tiba ya kifua kikuu kuwa miezi minne kwa kutumia moksifloksasini, ndugu mwingine wa sipro. Makohozi yalisafika haraka zaidi kuliko kwa tiba ya kawaida. Kila kipimo cha wiki za mwanzo kilitia moyo. Kisha ugonjwa ukarudi kwa wengi zaidi katika kundi la miezi minne. Ilipofika mwaka 2021, mchanganyiko mwingine wa miezi minne wenye rifapentini na moksifloksasini ulifaulu. Kilichofanya siku zipungue ni dawa kumfikia aliyelala, wala hakuna mgonjwa aliyeambiwa aache kwa kuwa anajisikia vizuri.

Hili linanifikisha kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ile inayobeba ujumbe wa WhatsApp: "Ukipata nafuu, waliobaki ni wachache, mwili utawamaliza." Nusu yake ni kweli kwa baadhi ya maradhi, na hiyo nusu ndiyo inayoipa nguvu ya kupotosha. Nafuu inatokana na homa kushuka na uvimbe kupungua, yaani ni habari ya wengi waliokufa. Haisemi lolote juu ya wachache walio mchangani wakitia kalafati. Katika nimonia ya mtoto mwenye afya, mwili unawawahi. Katika kifua kikuu hauwawahi. Katika koo lililoshikwa na streptokokasi, dawa inapewa siku kumi ili mdudu aondolewe kabisa na moyo usije kushambuliwa na homa ya baridi yabisi, ingawa maumivu ya koo huisha mapema sana. Kwa mtu mwenye VVU asiyetumia dawa, kwa mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kwa mtoto mwenye utapiamlo, mwenye nyumba wa kumalizia kazi ni dhaifu, na watoto wa aina hiyo hawakuhusishwa hata katika utafiti wa Malawi. Mgonjwa hana namna ya kuisoma tofauti hiyo kwa kujipapasa paji la uso.

Tena hoja hiyo inasahau vidonge vinavyobaki. Katika nyumba zetu, anayeacha dawa siku ya pili hatupi vilivyosalia. Anaviweka kwenye kabati, mwezi ujao akisikia tena dalili anameza viwili, miezi miwili baadaye vingine vitatu. Ni mapigo mafupi yenye mapumziko marefu kati yake. Nathalie Balaban na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kiebrania, Jerusalem, walifanya jambo linalofanana na hilo kwa makusudi katika chupa za maabara. Waliwapiga E. koli na ampisilini kila siku kwa muda maalumu, saa tatu kwa kundi moja, tano kwa jingine, nane kwa jingine, kisha wakaisafisha dawa na kuwaacha wakue. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 yalikuwa kwamba baada ya mizunguko takriban kumi bakteria walikuwa wamebadilika, na mabadiliko yao yalikuwa ya ajabu: walijifunza kuchelewa kuamka kwa muda unaolingana na urefu wa pigo walilozoea. Wa saa tatu walisubiri kiasi cha saa tatu. Wa saa nane, nane. Mwaka 2017 kundi hilohilo likaonyesha hatua inayofuata, kwamba uvumilivu ulikuja kwanza na usugu kamili ukapandia juu yake. Bigger mwenyewe mwaka 1944 alikuwa amependekeza dawa itolewe kwa vipindi, ili wavumilivu waamke na kupigwa tena. Lilikuwa wazo zuri la mtu makini, lakini bakteria wa Jerusalem wanatuonyesha kwa nini ratiba kama hiyo haiwezi kuachiwa kabati la nyumbani.

Neno "UTI sugu" mjini hapa hutajwa kila siku, hasa na kina mama, na kwa kawaida tiba inayofuata ni dawa "kali zaidi". Scott Hultgren na wenzake huko St. Louis, Marekani, walionyesha kwa panya kuwa E. koli wa njia ya mkojo huingia ndani ya seli za kibofu, wakazaliana humo katika makundi, wakarefuka kama nyuzi wanapotoka, na wengine wakabaki kimya ndani kwa wiki kadhaa. Dada anayerudiwa na UTI mara nne kwa mwaka anaweza kuwa na bakteria ambaye dawa ile ya kwanza ingemuua vizuri kabisa kama ingemfikia akiwa macho. Anaweza pia kuwa na bakteria sugu kweli, au asiwe na UTI hata kidogo. Bila kuotesha mkojo maabara hakuna wa kujua, na kuruka kutoka amoksilini kwenda sipro kwenda sindano kwa kubahatisha ni kumpitisha bakteria kwenye SOS mara baada ya mara.

Najua kuna watakaosema kuwa mjadala huu ni wa wenye maabara, na kwamba anayenunua vidonge vinne ananunua vinne kwa sababu ya mfuko. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, yamewafikia watu ambao hospitali haikuwafikia. Lakini umaskini wa mfuko ni sababu ya kutaka dozi fupi zilizothibitishwa, si ya kukubali zilizokatwa kiholela. Kama siku tatu zinatosha kwa ugonjwa fulani, basi mwongozo useme hivyo wazi na mgonjwa alipie tatu. Kumwandikia saba kwa mazoea, ukijua atanunua mbili, kunampotezea faida ya pande zote.

Gharama ya kuchelewa inajulikana. Makadirio ya mwaka 2019 yaliyochapishwa na jarida la Lancet yalihesabu vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, Afrika ya kusini mwa Sahara ikiwa imeumia kuliko maeneo mengine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kwamba takriban moja kati ya kila maambukizi sita ya bakteria yaliyothibitishwa maabara mwaka 2023 yalikuwa ya bakteria sugu. Na sisi wa mkoa huu tuna ushahidi wa karibu: utafiti kwa watoto waliolazwa na homa katika Hospitali Teule ya Muheza, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta Salmonela zisizo za taifodi zikiongoza miongoni mwa bakteria wa kwenye damu. Mwaka 2014 Sophie Helaine na wenzake London walionyesha kuwa Salmonela akimezwa na chembe za kinga zenyewe, baadhi yao hugeuka wavumilivu humohumo. Kwa mtoto wa namna hiyo, kupungua kwa homa siku ya pili ni jambo la kushukuru Mungu, na bado daktari ana sababu ya kumzuia asirudishwe nyumbani.

Kampeni ya UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, huadhimishwa kila Novemba kuanzia tarehe 18 hadi 24. Ningependa mwaka huu isije na amri ileile iliyochoka. Watu wanaweza kuelewa habari ya bakteria majeruhi. Mvuvi wa Sahare ataielewa kuliko mimi. Waelezwe kuwa siku za dawa zinapaswa kupimwa kwa kila ugonjwa, kwa sababu muda ambao bakteria wake huhitaji kujitengeneza na nguvu ya mwili kumuwahi havilingani, kuwa anayezipunguza ni daktari mwenye ushahidi, na kuwa vidonge vilivyobaki havihifadhiwi. Watafiti nao wanaendelea kutafuta dawa za kuzima SOS ili majeruhi akose kalafati. Jaribio la mwaka 2005 kwa panya, la kundi la Floyd Romesberg, lilionyesha kuwa bakteria ambao LexA yao imezuiwa kujivunja hawakuweza kujenga usugu dhidi ya sipro. Dawa hiyo haijafika dukani. Bahasha ipo tayari.

Naizungumzia bahasha ndogo ya vidonge, ile aliyopewa bibi wa Ngamiani. Ina nafasi ya kuandika 1×2 au 1×3, na mara nyingi hakuna kingine kinachoandikwa. Iongezewe mistari miwili: ugonjwa unaotibiwa, na siku ngapi. Bibi akiuliza siku tano za nini, kijana atakuwa na mahali pa kuanzia jibu, na mjukuu akifika nyumbani na simu yake atakuta jambo la kusoma ambalo limeandikwa kwa ajili ya bibi yake.